Watu wa Kisiwa cha Hirta

Watoto, tazameni ramani ya Ulaya. Juu ya Uingereza mtaona nchi ya Uskoti, na upande wa magharibi wa Uskoti mtaona visiwa vingi vimetawanyika baharini kama makombo ya mkate mezani. Visiwa hivyo huitwa Hebridi. Watu hukaa huko, hufuga kondoo na kuvua samaki, na baadhi yao husema lugha ya Kigaeli, lugha ya wazee wao. Sasa wekeni kidole juu ya Hebridi, kisha kisukumeni tena upande wa magharibi, ndani ya bahari kuu ya Atlantiki. Katika ramani ndogo hamtaona kitu, ila rangi ya buluu tu. Lakini nchi kavu iko. Yapata kilometri 64 toka kisiwa cha North Uist, visiwa vinne vinasimama peke yao katikati ya mawimbi, pamoja na mawe makubwa marefu kama minara. Jina lao ni St Kilda, na kisiwa kikubwa kati yao huitwa Hirta.

Mtoto mwenye akili atauliza: Mtakatifu Kilda alikuwa nani? Jibu lake ni hili: hakuwako. Hakuna mtakatifu wa jina hilo. Yaelekea watu waliochora ramani za zamani walikosea jina, na kosa lao limebaki mpaka leo.

Hirta ni kisiwa kidogo. Toka ncha moja mpaka ncha nyingine haifiki kilometri 4. Hakuna mti hata mmoja. Majani mafupi tu, na mawe, na upepo. Upande mmoja mlima uitwao Conachair unapanda hata metri 430, halafu unakatika mara moja kama ukuta na kuanguka baharini. Katika Uingereza yote hakuna majabali ya bahari marefu kuliko hayo. Mtu akilala kifudifudi ukingoni na kutazama chini, ndege wanaoruka kule chini huwaona wadogo kama chembe za unga.

Siku hizi watu wengi hupenda kwenda kukiona kisiwa hicho. Wakati wa kiangazi, mashua za injini huondoka asubuhi mapema katika kijiji cha Leverburgh, katika kisiwa cha Harris. Safari ni ya saa tatu hivi, na bahari haina huruma. Wako wageni waliotoka mbali, wakalala Leverburgh usiku mbili au tatu, wakarudi kwao bila kuona Hirta, kwa sababu nahodha alitazama mawingu akakataa kuondoka. Wengine wamefika, lakini njiani walitapika hata wakajuta kuzaliwa. Na hata mashua ikifika katika ghuba ya kijiji, wageni huteremka kwanza katika kimtumbwi cha mpira, ndicho kinachowafikisha kwenye mawe. Upepo ukitoka kusini-mashariki mawimbi huingia ghubani moja kwa moja, na hapo hakuna anayeteremka.

Kabla ya safari manahodha huonywa waangalie sana asipande panya-buku katika mashua. Mgeni asiyejua atacheka. Lakini ndege wa kisiwa hicho hutaga mayai chini, katika mashimo na katika mipasuko ya mawe. Panya-buku wawili tu, dume na jike, wangeweza kuwa chanzo cha kuwamaliza. Mbwa pia hawaruhusiwi kuteremka.

Mlinzi wa kisiwa huwapokea wageni pwani na kuwaeleza desturi za mahali. Hakuna hoteli wala duka la chakula. Kila mtu huleta mkate wake. Kisha huwaacha watembee wenyewe. Na mbele yao, kando ya ghuba, wanaona kijiji. Ni barabara moja tu, imepinda kama mwezi mchanga, na kandokando yake zimejipanga nyumba 16 za mawe, zilizojengwa katika miaka ya 1860. Nyumba chache zimeezekwa upya. Nyingine hazina paa, zimebaki kuta nne, na majani yameota mahali mama alipokuwa akipika. Kuna kanisa, na ubavuni mwa kanisa kuna shule ya chumba kimoja.

Katika nyumba hizo hakuna mwenyeji. Tangu mwaka 1930 hakuna.

Watu walikaa Hirta miaka zaidi ya elfu mbili. Mwaka 1697 mgeni mmoja, jina lake Martin Martin, alifika huko na kuandika habari zao. Alikuta watu 180. Waliishi namna gani mahali pale pasipo na miti, ambapo upepo wa bahari huunguza mazao? Walilima kidogo shayiri na viazi. Walifuga kondoo na ng'ombe wachache. Samaki walikuwako, lakini bahari ilikuwa kali mno kwa kuvua kila siku. Riziki yao kubwa ilikuwa ni ndege.

Wageni wa leo hushangaa kuona wingi wa ndege hao. Yuko ganeti, ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, ambaye hujitupa toka juu kama mkuki akazama baharini na kutoka na samaki. Jozi yapata elfu 60 hukaa katika visiwa hivyo. Yuko fulmari, mwenye rangi ya kijivu. Ukimkaribia hukutemea mafuta yenye harufu mbaya, na nguo yako haitasahau. Yuko na pafini, mfupi, mwenye mdomo wa rangi nyingi, anayetembea kama mzee aliyevaa kanzu kubwa mno.

Wanaume wa Hirta waliteremka katika majabali kwa kamba wakiwashika ndege hao. Kamba nyingine zilisukwa kwa singa za farasi, zikafunikwa na ngozi ya kondoo zisikatwe na mawe. Kamba nzuri ilikuwa mali kubwa. Baba alimwachia mwanawe kama urithi. Mmoja alishika kamba juu, mwenzake akateremka peku, kwani viatu huteleza. Waliwakamata ndege, wakachukua mayai, wakapanda tena. Manyoya ya ndege yalikuwa kodi yao kwa bwana wa nchi, MacLeod, aliyekaa mbali katika kisiwa cha Skye. Mafuta ya fulmari yaliwaka katika taa zao. Nyama waliila, na nyingine waliiweka akiba.

Chumvi ya kuhifadhi nyama ilikuwa haba, basi walitumia upepo. Walijenga vibanda vidogo vya mawe bila udongo kati yake, juu wakaweka paa la majani na udongo. Upepo ulipita kati ya mawe na kukausha nyama ya ndege, kama jua linavyokausha ndagala kwenye mchanga wa ziwa. Vibanda hivyo huitwa cleit. Katika Hirta peke yake mgeni atavikuta zaidi ya 1,200, kijijini, mlimani, hata ukingoni mwa majabali. Ajabu ya watu hao ni hii, kwamba upepo uliowaharibia mazao ndio waliouajiri kuwa mpishi wao.

Kila asubuhi, ila siku ya Dominika, wanaume walikutana barabarani, wakashauriana juu ya kazi ya siku. Hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Kila mtu alisema, wakati mwingine wote pamoja, na wakati mwingine maneno yaliendelea mpaka siku ikaisha na kazi haikufanyika. Wageni waliuita mkutano huo Bunge, kwa mzaha. Lakini bunge hilo liligawanya majabali kati ya jamaa zote kwa haki, na ndege waliokamatwa waligawanywa hivyo hivyo. Wajane na wagonjwa hawakusahauliwa.

Mahali pamoja wageni huonyeshwa jiwe lililochomoza juu ya pengo refu. Husimuliwa kwamba kijana aliyetaka kuoa alisimama hapo kwa mguu mmoja, akainama mpaka ashike vidole vyake. Asipoweza kufanya hivyo, atawezaje kumlisha mke? Wageni husimama karibu, hutazama chini, halafu hurudi nyuma polepole.

Sasa sikieni habari ya wavulana wanane.

Karibu na kisiwa cha Boreray, yapata kilometri 6 toka Hirta, limesimama baharini jiwe liitwalo Stac an Armin. Urefu wake ni metri 196, na pande zake ni kali sana. Mwezi wa nane mwaka 1727, watu watatu wazima na wavulana wanane walipelekwa huko kwa mashua, wakamate makinda ya ganeti. Ilikuwa kazi ya kila mwaka. Mashua ikawaacha, ikarudi Hirta. Baada ya siku chache itakuja kuwachukua.

Haikuja. Juma moja likapita, na la pili, na la tatu. Walikiona kisiwa chao ng'ambo ya maji, lakini hawakuweza kukifikia. Kati yao na nyumba zao ilikuwako bahari. Wakati wa baridi ukaingia. Ganeti wakaondoka, kama wafanyavyo kila mwaka. Siku za huko wakati wa baridi ni fupi mno, na usiku ni mrefu, na mawimbi hupiga jiwe hata linatetemeka. Watu wale kumi na mmoja waliishi kwa ndege waliowakamata na samaki waliowavua. Wavulana hao walikuwa wa rika la wasomaji wa kitabu hiki, au wamezidi kidogo.

Tarehe 13 mwezi wa tano mwaka 1728 mashua ilifika. Ilikuwa mashua ya mtumishi wa bwana MacLeod, aliyekuja kuchukua kodi ya mwaka. Wote kumi na mmoja walikuwa hai. Walikuwa wamekaa juu ya jiwe lile miezi tisa.

Walipofika nyumbani wakajua kwa nini hapakuja mtu. Mwenzao mmoja alikuwa amekwenda Harris mwaka 1726, akafa huko kwa ugonjwa wa ndui. Mwaka uliofuata nguo zake zikarudishwa Hirta, na ndui ikaja pamoja nazo. Ilikamata nyumba zote. Watu wakafa hata hawakubaki wa kutosha kuwazika wengine, na wachache waliopona hawakutosha kuvuta makasia ya mashua. Basi jiwe lile lililokuwa kama gereza la wavulana, ndilo lililowaponya. Lakini waliteremka toka mashuani wakakuta milango ya nyumba imefungwa na majivu yamepoa.

Bwana wa nchi alipeleka watu wengine wakae Hirta, nao wakazaa, na kijiji kikajaa tena. Lakini jambo lile halikubadilika: mashua moja ilihitaji mikono ya kuivuta, na kisiwa kilihitaji mashua.

Katika karne ya 19 mambo mengine mabaya yalifuata. Mwaka 1852 watu 36 walihamia Australia, na wengi wao wakafa kwa magonjwa safarini. Waliobaki walizaa watoto, lakini watoto wengi wachanga walikufa kabla ya kutimiza juma mbili. Ulikuwa ugonjwa wa pepopunda, unaoingia mahali kitovu kilipokatwa. Mama mmoja angeweza kuzaa mara kumi na kuzika mara nane. Wengi walisema ni mapenzi ya Mungu, wakanyamaza. Lakini Angus Fiddes, mchungaji wao, hakunyamaza. Alikwenda Glasgow kujifunza jinsi ya kutunza kitovu kwa dawa ya kuua vijidudu, akarudi kuwafundisha, na katika miaka ya 1890 vifo vile vikakoma. Mtu asome habari hiyo mara mbili.

Si kila wakati walitumia akili namna hiyo. Yapata mwaka 1840 wanaume fulani walikamata juu ya Stac an Armin ndege mkubwa asiyeweza kuruka, ambaye hawakumzoea. Wakamfunga. Baada ya siku chache dhoruba kubwa ikatokea. Wakasema, "Huyu ni mchawi, ndiye anayeleta dhoruba," wakampiga mpaka akafa. Ndege huyo aliitwa auki mkubwa. Alikuwa wa mwisho kuonekana katika visiwa vyote vya Uingereza, na baada ya miaka michache tu hakubaki hata mmoja duniani. Dhoruba za Hirta ziliendelea kama zamani.

Posta hawakuwa nayo siku hizo. Mwezi wa kwanza mwaka 1877, merikebu ya Austria ilivunjika karibu na Hirta. Mabaharia tisa wakaokoka, wenyeji wakawapa chakula, na chakula kilikuwa kidogo. John Sands, mwandishi wa magazeti aliyekuwa amekwama kisiwani, akafunga barua katika boya la merikebu ile na kulitupa baharini. Baada ya siku tisa boya likafika pwani ya visiwa vya Orkney, na serikali ikatuma merikebu. Tangu hapo watu wa Hirta walijua njia. Walichonga kipande cha mti mfano wa mashua, wakachimba tundu ndani, wakaweka barua na peni moja ya kulipia stampu, wakafunika. Kisha wakafunga kibofu cha kondoo kilichojazwa hewa, kisizame, wakangoja upepo utokao kaskazini-magharibi. Nyingi za barua hizo zilifika Uskoti; nyingine zilipotea njia zikafika nchi ya Norwe. Wageni wa leo hujaribu mchezo huo kwa kujifurahisha. Zamani haukuwa mchezo.

Wageni wenyewe si jambo jipya kule Hirta. Tangu miaka ya 1870 merikebu za moshi zilileta matajiri wakati wa kiangazi, waje kuwatazama watu wanaokula ndege. Waliwapiga picha. Walinunua soksi za sufu na mayai ya ndege. Wenyeji walipata fedha, nayo haikuwa na kazi kubwa kisiwani. Basi wakaanza kuagiza chai, sukari na unga toka nje, na kungoja merikebu. Na kila mara merikebu ilipofika, kijiji kizima kilishikwa na mafua na kikohozi, hata ugonjwa huo wakauita kwa jina la wageni. Wageni wale hawakuwa watu wabaya. Lakini walipanda tena merikebu yao jioni, na kikohozi kikabaki.

Katika vita vya kwanza askari wa baharini walikaa Hirta na mitambo ya simu ya upepo. Tarehe 15 mwezi wa tano 1918 manowari ya Wajerumani, ile iendayo chini ya maji, ilitokea ghubani, ikawaonya watu watoke, ikapiga mizinga kijijini. Hakufa mtu, husimuliwa kwamba alikufa mwana-kondoo mmoja. Baadaye serikali ikaweka mzinga mkubwa kulinda ghuba. Uko mpaka leo, umeelekea baharini, na haukupiga adui hata mara moja.

Vita ikaisha, na vijana walikuwa wamesikia habari za mahali pengine. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja. Mwaka 1920 walikuwako watu 73. Mwaka 1926 mafua yakaua wanaume wanne, na hasara ya wanaume wanne katika kijiji kidogo namna hiyo haina kipimo. Mwaka 1928 walibaki watu 37. Mazao yakaharibika miaka kadhaa. Mashua ilitaka wavuta kasia, kamba ilitaka mtu wa kuishika juu, mzee alitaka kijana wa kumletea majani ya moto toka mlimani. Mikono haikutosha.

Palikuwako muuguzi aliyetumwa na serikali, mwanamke aitwaye Williamina Barclay. Aliona hali yao katika baridi ya mwaka 1929 na 1930, akazungumza nao. Walibishana sana. Tarehe 10 mwezi wa tano 1930 watu 20 walitia majina yao chini ya barua moja kwa serikali, kuomba wahamishwe. Wanaume 12 na wanawake 8. Katika bunge lao lote la miaka mingi, hapana shaka hilo lilikuwa neno zito kuliko yote.

Kwanza walikwenda ng'ombe na kondoo, kwa merikebu. Mbwa hawakuweza kwenda. Waliwafunga mawe shingoni, wakawatosa katika ghuba. Tarehe 29 mwezi wa nane 1930, asubuhi, watu 36 wa mwisho walifunga milango yao. Husimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa na fungu dogo la nafaka. Bahari ilikuwa shwari siku hiyo, jua likiwaka. Manowari Harebell ikawachukua, nao wakasimama nyuma ya merikebu wakikitazama kisiwa mpaka kilipozama katika maji.

Wengi wao walipelekwa Lochaline, katika bara la Uskoti. Serikali ikawapa nyumba na kazi. Kazi gani? Kazi ya msituni, kupanda na kutunza miti. Watu ambao kwao hapakuwa na mti hata mmoja! Waliijifunza. Watoto wao walikwenda shule, wakakua, wakatawanyika. Wa mwisho wa wale waliozaliwa kisiwani alikuwa Rachel Johnson, aliyeondoka akiwa na umri wa miaka 8. Alifariki mwaka 2016, naye amekwisha kutimiza miaka 93.

Bwana mmoja mwenye kupenda ndege, ambaye baadaye alikuwa Marquess wa Bute, alinunua visiwa hivyo mwaka 1931. Mwaka 1932 alihamisha kondoo 107 toka kisiwa jirani cha Soay na kuwaachia huru Hirta. Ni kondoo wadogo, wa rangi ya kahawia, wa namna ya kale sana, na wageni huwakuta leo wamelala ndani ya nyumba zisizo na paa. Hakuna anayewachunga wala kuwakata manyoya. Wataalamu huwahesabu kila mwaka, nao wamegundua jambo la ajabu: kondoo hao wamekuwa wadogo kidogo kuliko mababu zao. Siku hizi baridi si kali kama zamani, na wana-kondoo dhaifu, ambao zamani wangekufa, sasa huishi.

Alipokufa, Marquess alirithisha visiwa kwa shirika linalotunza mali ya kale ya Uskoti, nao walivipokea mwaka 1957. Mwaka huohuo wanajeshi walijenga kituo cha rada, cha kufuatilia makombora ya majaribio. Wafanya kazi wa kituo hukaa kwa zamu, na injini za umeme hunguruma kando ya kijiji cha kimya; wageni hawalipendi jambo hilo, lakini daktari na njia ya kufika vimepatikana humo mara nyingi. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa uliandika St Kilda kati ya urithi wa dunia, kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2005 pia kwa ajili ya kazi ya watu wake. Ni mahali pachache duniani palipoandikwa kwa sababu zote mbili.

Na wanyama? Kisiwani walikuwako panya wadogo wa namna mbili, ambao hawapatikani mahali pengine. Mmoja aliishi mashambani na katika kuta za mawe. Yuko bado. Mwingine aliishi nyumbani mwa watu, kando ya moto, akila makombo yao. Watu walipoondoka moto ulizimika na makombo yakakoma, na kabla ya miaka mingi kupita panya wa nyumbani alikwisha kabisa. Lakini ndege mdogo wa kahawia aitwaye reni, wa visiwa vya St Kilda peke yake, mkubwa kidogo kuliko ndugu zake wa bara, hujenga kiota katika mawe ya cleit na huimba kwa sauti kubwa kupita mwili wake.

Mgeni akipanda juu ya kijiji hupigwa vita na ndege aitwaye skua, ambaye hushuka kwa nguvu juu ya kichwa cha mtu anayekaribia makinda yake. Afadhali kuinua fimbo juu, apige fimbo. Skua hao wamepungua sana, kwa sababu mafua ya ndege yaliua wengi mno mwaka 2022.

Baada ya saa nne au tano nahodha hupiga filimbi. Wageni hurudi pwani, wanaingia kimtumbwi cha mpira, wanapanda mashua. Nahodha huwahesabu mmoja mmoja. Kabla ya kugeukia Harris huwapitisha Boreray, chini ya Stac Lee iliyokuwa nyeupe kwa ganeti, halafu chini ya Stac an Armin. Hapo hupunguza mwendo. Ndege maelfu huzunguka juu, kelele zao zinashinda injini. Mwenye macho makali ataona, juu katika mteremko wa jiwe, vibanda vya mawe. Kisha ng'ambo ya maji, upande wa kusini-magharibi, anaiona Hirta.